Waliniaga Siku Niliyofika

Siku niliyofika, walinifanyia sherehe ya kuniaga.

Sio kunikaribisha. Kuniaga.

Naingia getini na begi mgongoni, vumbi la safari bado liko usoni, nakuta wauguzi wamejipanga kwenye korido na keki iko mezani. Juu ya keki wameandika kwa krimu: KWAHERI FUNDI, TUTAKUKUMBUKA.

Matroni wa hospitali, mama mmoja mfupi asiyejua kunong'ona, akatoa hotuba. Akanishukuru kwa kazi kubwa niliyoifanya. Akaniombea safari njema. Watu wakapiga makofi, mmoja akanipiga picha.

Mimi hapo hata choo kilipo sijaonyeshwa.

Nikamvuta pembeni. "Mama, nadhani mmenichanganya na mtu. Mimi ndiyo kwanza nafika. Nipo hapa miaka miwili."

"Tunajua," akasema, huku ananikatia kipande. "Watatu waliokutangulia nao walisema miwili. Wa kwanza alikaa miezi minne. Wa pili alisema anakwenda mjini kutengeneza miwani, mpaka leo miwani haijapona. Wa tatu tuliamka tukakuta chumba kitupu. Hatukupata hata nafasi ya kusema asante. Kwa hiyo siku hizi tunaaga mapema. Ukitoroka, umeshaagwa. Kula keki, mwanangu."

Nikala keki yangu ya kwaheri, na kila tonge lilishuka na hasira.

Nikaapa palepale: hawa watanikoma. Sitoroki ng'o.

Niwaambie kidogo mimi ni nani, maana kuna watu watasoma hapa waseme huyu dada katumwa.

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Mashine za oksijeni, za kupima presha, za joto za watoto njiti, na yale masufuria makubwa ya mvuke yanayoua vijidudu kwenye vifaa vya upasuaji. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naijua. Nilikuwa nimeajiriwa hospitali ya mtaani kwetu, mwaka wa sita. Nikaona tangazo la shirika linatafuta mafundi wa kujitolea nje ya nchi, nikaomba likizo bila malipo, nikapewa barua ya miaka miwili.

Nyumbani hawakunielewa. Mama alilia kimyakimya jikoni. Shangazi yeye hakuwa na muda wa kulia.

"Unaacha kazi hapa unakwenda kufanya kazi hiyohiyo ugenini, bure? Hospitali ya hapa imeshapona?"

"Shangazi, kule hawana fundi kabisa."

Ndivyo tangazo lilivyosema. Neno kwa neno: hospitali haina fundi. Na mimi nikaamini, maana nani atie uongo kwenye jambo la wagonjwa?

"Haya, nenda," shangazi akasema. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Kwa hiyo mnaona wenyewe. Kurudi kabla ya muda ilikuwa ni kumpa shangazi cha kusema mpaka tunazikana.

Karakana yao ilikuwa chumba nyuma ya jengo la kufulia. Meza moja, feni isiyozunguka, mashine mbovu zimerundikwa mpaka usawa wa dirisha. Ndani nikamkuta mwanaume mwembamba wa makamo, anapangusa kioo cha mashine ya presha kwa ncha ya shati lake.

Wenzake walimwita Kimya. Jina lilimkaa.

"Huyu atakuwa anakusaidia," daktari mkuu akaniambia. "Mfundishefundishe."

Nikamfundisha, jamani.

Wiki ya kwanza nilitumia saa mbili nzima kumwelekeza namna ya kubadilisha valvu ya mashine ya oksijeni. Nikamchorea na mchoro. Nikapaka na rangi. Nikamuuliza, "Umeelewa, kaka?" Akatikisa kichwa kuitikia. Nikatoka mle najiona profesa.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, mashine ya joto ya watoto njiti ikazima. Na ndani kuna mtoto.

Muuguzi akamtoa, akamlaza kifuani kwa mama yake, akamfunika. Mimi nikafungua mashine, nikapima, nikafunga, nikafungua tena. Joto halipandi. Jasho linanitiririka, na wodi nzima inanitazama mimi, mtaalamu kutoka nje.

"Samahani, dada," Kimya akasema.

Akapitisha mkono nyuma, akachomoa waya mmoja, akakwangua ncha yake kwa wembe, akaurudisha. Akaipiga mashine kofi moja ubavuni. Taa ikawaka.

Dakika tatu.

"Umejuaje?"

"Hapo pana kutu. Mvua zikianza tu, inazima."

Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. "Na ile valvu niliyokufundisha wiki iliyopita?"

Akatazama chini. "Wewe ni wa nne kunifundisha hiyo valvu, dada. Lakini mchoro wako ndio mzuri kuliko yote."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kuanzia siku hiyo nikawa nauliza badala ya kueleza, na ndipo kazi ikaenda. Mimi nilijua mashine mpya zilizoletwa karibuni, yeye alijua kila mashine ya hospitali ile kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Ndani ya nusu mwaka lile rundo la dirishani likashuka mpaka tukaanza kuona nje.

Sasa, wewe unayefikiria kwenda kujitolea muda mrefu, nikwambie jambo ambalo kwenye semina ya maandalizi hawalisemi. Mwezi wa kwanza ni raha. Wa pili una mambo mapya. Mwezi wa tano ndio adui.

Mwezi wa tano lugha yao inakugomea mdomoni. Sokoni wanakujua kabla hujasema neno, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Homa inakulaza siku nne, na wa kukupikia uji ni wewe mwenyewe uliyelala. Mdogo wako anaolewa, unaitazama harusi kwenye simu, mtandao unakatika wanapovishana pete.

Nilifunga begi mara mbili. Mara mbili nikalifungua, kwa hasira tu.

Watu watakwambia kinachomweka mtu kwenye kujitolea ni upendo. Labda. Mimi niliwekwa na ubishi, na sioni aibu kusema.

Kila asubuhi Matroni ananiuliza kwenye korido, "Bado upo?"

"Nipo sana, mama."

Mwaka ukaisha nikiwa nipo. Wa kwanza katika historia ya karakana ile. Nilitembea kifua mbele, nawaambia.

Mwezi wa kumi na nne, mratibu wa shirika letu akaja na fomu. Kuna uwezekano wa kuongeza miaka miwili mingine, akasema, kama nitapenda. Hakumaliza sentensi, nilishasaini.

Nikaenda karakana mbio. "Kaka! Siondoki! Nimeongeza miwili mingine!"

Kimya alikuwa anakaza skrubu. Ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza. Akainama kuitafuta, akachukua muda mrefu sana huko chini.

"Hongera, dada," akasema alipoinuka.

Kisha akatoka, hakurudi mpaka mchana. Nikajisemea, masikini, furaha imemzidi.

Wiki moja baadaye ikawa siku ya ukaguzi. Mkaguzi hutoka makao makuu ya serikali mara moja kwa mwaka, na wa mwaka uliopita alipita nikiwa na ile homa yangu kitandani. Kwa hiyo sikuwa najua mambo yanavyokuwa.

Nikafika karakana, nikamkuta Kimya amesimama mlangoni amevaa aproni ya bluu ya wafagizi. Mkononi mopu. Miguuni ndoo.

Nikaangua kicheko. "Kaka, leo umepandishwa cheo?"

Hakucheka. Hakunitazama hata usoni.

Kicheko kikanikauka. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Matroni.

Matroni akafunga mlango. Akatoa kwenye droo karatasi ya ikama, yaani orodha ya nafasi zote za kazi za hospitali na nani kashika ipi. Akaweka kidole. Fundi wa vifaa, nafasi moja: imejazwa. Pembeni, jina langu.

Kidole kikashuka mpaka chini kabisa. Mfagizi, kibarua. Jina la Kimya.

"Ana cheti cha ufundi kama wewe," Matroni akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia ameshusha sauti. "Miaka kumi na moja yuko hapa. Barua yake ya ajira ilikuwa imeshaandikwa, ndipo shirika lenu likamleta yule wa kwanza. Makao makuu wakasema, fundi mnaye, tena wa bure, wa pili wa nini? Tangu hapo akiondoka mmoja, kiti hakijapoa analetwa mwingine. Ili tusimpoteze, tukamwandika mfagizi. Siku ya ukaguzi anashika mopu ili afanane na karatasi."

"Lakini tangazo lilisema hamna fundi!"

"Kwenye karatasi, kila mgeni akiondoka, hatuna. Mke wake akiugua anapanga foleni hapa kama mpita njia, hana hata kadi ya matibabu kwenye hospitali anayoifufua mumewe. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyie mmekuja mara nne, mwenyeji anazidi kuumwa."

Nikakaa.

"Tulikuwa tunaandaa maombi ya nafasi hiyo," akaendelea. "Mkataba wako ukiisha tuyapeleke haraka kabla hajaletwa mwingine. Mwakani anatimiza arobaini na tano, na serikali haiajiri mtu aliyefika umri huo. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Juzi ukaongeza miwili."

Nililia, sifichi. Nililia kwa aibu, kisha machozi yakageuka ghadhabu. "Namwambia mkaguzi kila kitu. Sasa hivi."

"Usithubutu kumsemea!" Matroni akanishika mkono. "Kibarua hafukuzwi kwa barua. Anaambiwa tu kesho usije. Ukimsemea vibaya utampokonya hata hiyo mopu."

Nikarudi kwa Kimya. Alikuwa palepale mlangoni.

"Kaka, nimeona karatasi."

Akaisogeza ndoo kwa mguu.

"Nikinyamaza, umekwisha. Nikisema, wanaweza kukufukuza leo. Unataka nifanye nini?"

Miezi kumi na minne tulikuwa pamoja, na hilo lilikuwa swali la kwanza kumuuliza kuhusu yeye mwenyewe badala ya mashine.

Akafikiri. Akabadilisha mopu mkono.

"Wewe nyanyuka kwenye kiti, dada. Mengine niachie."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa miwani minene na viatu vya kutembelea. Alikuwa na utaratibu wake: haamini karatasi. Anamfuata kila mtu anapofanyia kazi, anasema neno moja, "Nionyeshe." Mpishi kaonyesha. Muuguzi kaonyesha. Mwishowe akaingia karakana, daktari mkuu nyuma yake anatabasamu.

"Fundi wa vifaa?"

Daktari mkuu akaninyooshea mkono kama anayeonyesha ng'ombe wa maonyesho.

Mezani palikuwa na mashine ya kunyonya makohozi, imefunguliwa, vipande kila upande.

"Nionyeshe," mkaguzi akasema.

Nikaweka mikono nyuma.

"Siwezi, mama. Mimi si fundi wa hapa."

Daktari mkuu akacheka kikavu. "Anatania. Ni mtu wa utani sana huyu."

"Sitanii, daktari. Mimi ni mgeni. Nimekalia kiti bila kuuliza ni cha nani, na leo nimenyanyuka."

Mkaguzi akatazama karatasi, akanitazama. "Hapa imeandikwa nafasi imejazwa."

"Karatasi imekosea."

"Unajua unachofanya?" daktari mkuu akaniuliza, meno yamekutana.

"Leo ndiyo najua."

"Basi fundi ni nani?" mkaguzi akauliza.

Wapendwa, jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaung'ata ulimi, nikaung'ata kweli, mpaka nikasikia chumvi ya damu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kunyamaza pale. Daktari mkuu ananikodolea macho, Matroni amejaa mlangoni, na mimi nasubiri kauli ya mtu ambaye kwa miaka kumi na moja ameishi kwa kutosema.

Nje nikasikia mopu inatumbukizwa kwenye ndoo.

Kimya akaingia. Akafungua kamba za aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Ni mimi," akasema.

Akafungua mdomo, na hakuufunga kwa dakika arobaini.

Alimpeleka mkaguzi mashine hadi mashine. Hii ilikufa mwaka fulani, tatizo lilikuwa hili, kipuri alikitoa kwenye ile kule. Hii wageni wote wanne waliishindwa. Hii walitaka kuitupa, inafanya kazi mpaka leo, nenda wodini uulize. Kisha akarudi mezani, akaiunganisha ile mashine ya kunyonya huku anaendelea kusema, akaiwasha, ikanyonya glasi ya maji yote mbele ya macho ya serikali.

Mkaguzi aliandika mpaka akaomba kalamu nyingine. Daktari mkuu akakumbuka ana kikao.

Mratibu alinipigia mchana huohuo. "Umetuaibisha! Umevunja mkataba! Unamwachia nani wagonjwa?"

"Fundi wao."

Nikapewa siku kumi nifunge virago. Cheti sikupata. Kwenye kumbukumbu za shirika nimeandikwa: hakumaliza. Watatu walionitangulia walilipelekea shirika udhuru wa ugonjwa, wakapewa vyeti vyao vizuri vya kutundika ukutani. Mimi niliyekaa ndiye mtoro. Sawa. Niandikeni hivyohivyo, hata kwa wino mwekundu, sijutii.

Nafasi ilitangazwa. Kimya akaitwa kwenye usaili, akashinda, na barua ya ajira ikamfikia siku kumi na tisa kabla ya kutimiza arobaini na tano. Siku hizi hunipigia simu, na akianza kuongea naweka simu mezani nasonga na shughuli zangu, nikirudi bado yumo.

Mngefurahi hadithi iishie hapo. Hata mimi.

Nilirudi nyumbani. Mama akanikumbatia. Shangazi akasema alichotaka kusema, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikanywa chai. Jumatatu nikaenda hospitalini kwetu, nikiwa na barua yangu ya likizo kwenye bahasha.

Katibu muhtasi wa daktari mkuu akafungua faili, akalifunga.

"Nafasi yako imejazwa."

"Imejazwaje? Hii hapa barua!"

"Barua ni ya kwako. Ila nafasi ilikuwa haina mtu, dada, na shirika moja la nje likatuletea wa kwao. Wa kujitolea. Mzee mzuri sana. Juzi tu ameongeza miaka miwili."

Nikashuka karakana. Kwenye meza yangu, chini ya kalenda niliyoitundika mimi, alikuwa amekaa mzee mgeni, nywele nyeupe, mstaafu. Akainuka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu sana!" akasema kwa Kiswahili cha kujifunza ukubwani. "Wewe ni msaidizi? Mimi nitakufundisha kila kitu."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye akadhani naumwa, akaniletea maji.

"Babu," nikamuuliza, "walikwambia nini kuhusu hospitali hii?"

"Kwamba haina fundi."

Nikamsimulia yote haya mnayosoma. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani, akajifuta macho, akasema, "Sikujua."

"Najua hukujua. Hata mimi sikujua. Ndiyo maana mashirika yanatupenda."

Basi ewe mwenye fomu mezani na moyo wa kusaidia, sikukatazi kwenda. Nenda. Dunia ina mahali pengi ambapo kweli hapana mtu, na mwezi wa tano utauvuka kwa ubishi kama mimi. Lakini kabla hujasaini, uliza swali moja: kazi hii ilikuwa inafanywa na nani, na leo yuko wapi? Usiwaulize watu wa shirika peke yao. Waulize wauguzi, muulize mlinzi, muulize mtu wa kufua. Ukijibiwa "hapakuwa na mtu", uliza mara ya pili, ukimtazama anayekujibu machoni. Kwa sababu jasho lako la bure kuna mtu analilipia, na huyo hajaombwa ajitolee.

Haya ninayaandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari mkuu wetu. Mzee yuko pembeni yangu na barua yake ya kujiuzulu, mimi na yangu ya kudai kiti. Katibu muhtasi ametuambia mara tatu kwamba daktari hayupo, na viatu vyake tunaviona chini ya mlango.

Tumemwambia hakuna shida, tutamsubiri.